Samaki hachaguliwi kwa rangi



Juma hili nimeamua kuziweka kando habari za bei ya kahawa na ubovu wa barabara, nizungumze nanyi juu ya samaki. Sisemi samaki wa kitoweo. Nasema samaki wa kutazamwa, wale wanaofugwa nyumbani ndani ya tangi la kioo, ambalo wengine huliita akwariamu.

Najua wapo watakaoguna. Watasema, mtu wa Bugene, nchi ya migomba na ng'ombe, ana haja gani na samaki wasioliwa? Nami niliguna hivyo hivyo miaka michache iliyopita. Lakini siku hizi nikipita Omurushaka au Kayanga sikosi kukutana na mtu mwenye tangi, au anayetaka kununua tangi. Mwezi uliopita peke yake watu watatu wamenisimamisha njiani wakaniuliza swali moja: "Ninunue samaki gani, maana wote ni wazuri?" Jibu langu kwa wote watatu lilikuwa swali. Niliwauliza, "Huyo samaki ataishi na nani?" Mazungumzo ya leo ni maelezo ya swali hilo, na pia ni maungamo, kwa sababu mimi mwenyewe sikujiuliza, na samaki wangu ndio waliolipa gharama.

Mambo yalianza hivi. Kwangu anakaa binti wa mdogo wangu, amekuja kwa ajili ya shule. Likizo moja tulifuatana hadi Bukoba, tukaingia mahali kunywa chai, na pale mapokezi palikuwa na tangi kubwa la samaki. Mtoto alisimama mbele ya kioo kile mpaka chai ikapoa. Tuliporudi nyumbani hakuwa na neno jingine. "Baba mkubwa, na sisi tuweke." Asubuhi tangi, jioni tangi. Mwishowe nikashindwa. Fundi vioo akanitengenezea tangi la urefu wa mita moja, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 40. Ukilijaza maji mpaka sentimita 35, linachukua lita 140. Fundi seremala naye akaniundia meza imara, maana lita 140 ni kilo 140, kabla hujaweka mchanga wala jiwe.

Nilipopata safari ya Mwanza nikaenda kwa muuza samaki wa mapambo. Wasikilizaji, ukiingia mahali kama pale unakuwa mtoto. Niliona neoni, samaki wadogo wa sentimita tatu wenye mstari wa buluu unaong'aa kama taa, nikachukua kumi. Niliona gapi, madume wenye mikia mipana ya rangi rangi, nikachukua sita. Niliona samaki wa manjano wenye milia mieusi, wanaoitwa taiga, nikachukua wawili. Niliona samaki dhahabu, wanene, wekundu, nikachukua wawili. Na katika kona moja nikaona samaki mmoja mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa, urefu wa kidole, anayenitazama machoni kama mtu. Nikauliza jina lake, nikaambiwa ni oska. Nikamchukua na yeye.

Muuzaji hakuniuliza tangi langu lina ukubwa gani, wala kwangu kuna baridi au joto. Nami sikumuuliza lolote isipokuwa bei. Tukaagana kwa furaha. Nikasafiri siku nzima na ndoo zangu zenye vifuniko vilivyotobolewa, abiria wakinicheka, na usiku ule nyumba nzima haikulala kwa kutazama.

Baada ya mwaka mmoja, katika samaki wale ishirini na mmoja, alibaki mmoja.

Sasa ngoja niwaulize wenye vibanja. Nani kati yenu hupanda mmea kwa sababu tu ni mzuri kuutazama? Kila mkulima wa Karagwe na Kyerwa anajua kwamba migomba na mibuni hukaa pamoja, mgomba ukampa mbuni kivuli, na chini yake maharage yakapata nafasi. Lakini hakuna mzee atakayepanda mkaratusi katikati ya migomba yake. Mkaratusi si mti mbaya, una mbao, una nguzo na una bei. Ila hunywa maji ya jirani. Basi mtu huyo huyo mwenye busara yote hii kibanjani, akifika kwenye samaki busara inabaki mlangoni, anachagua kwa rangi. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Nitawaeleza walivyokufa, kwa sababu kila kifo kilikuwa na funzo lake.

Waliotangulia ni neoni. Hawakufa, walipungua. Tulikuwa tukiwahesabu asubuhi: kumi, tisa, saba. Mtoto akidhani wamejificha kwenye mawe. Hawakujificha popote. Walikuwa tumboni mwa oska. Hili ndilo swali la kwanza la kuuliza unapochagua samaki: mdomo wake ni mpana kiasi gani? Samaki walio wengi hawana sheria nyingine zaidi ya hii, kwamba kinachoingia mdomoni ni chakula. Hata samaki malaika, ambaye kwa umbo na mwendo wake ungedhani ni mtawa, akikua humeza neoni bila wasiwasi wowote. Kwa hiyo usimwangalie samaki mkubwa na mdogo ukasema wamezoeana. Wamezoeana mpaka siku mdomo utakapotosha.

Swali la pili linafungamana na hilo: akikua atafika wapi? Dukani samaki wote ni watoto. Oska wangu alikuwa na urefu wa kidole, lakini asili yake ni mito ya Amerika ya Kusini, na huko oska hufikia sentimita 30 na zaidi, na akitunzwa vizuri huishi miaka kumi na kuendelea. Mwaka ulipotimia alikuwa na sentimita 25, katika tangi lenye upana wa sentimita 40. Alikuwa akigeuka kama gari la mizigo kwenye uchochoro. Na usidhani kwamba tangi dogo litamfanya abaki mdogo. Litamfanya mgonjwa. Yupo pia kambale wetu wa mabwawani, ambaye vijana hupenda kumweka tangini kwa sababu ni rahisi kumpata na hafi upesi. Huyo hupita mita moja, hula kila kinachosogea usiku, na kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu, utamkuta asubuhi sakafuni akielekea mlangoni.

Waliofuata ni gapi. Hawa hawakuliwa, walinyanyaswa. Wale taiga wawili niliowanunua walikuwa na kazi moja tu, kuwang'ata mikia. Mikia ile mizuri ikawa kama kitambaa kilicholiwa na panya, vidonda vikashika ukungu mweupe, na mmoja mmoja wakaelea juu. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba taiga ni samaki wa kundi. Ukiwaweka wanane au kumi pamoja hufukuzana wao kwa wao, na mara nyingi jirani akapona. Ukiwaweka wawili, ugomvi wao wote unamwangukia mpita njia. Na hata wakiwa wengi, hawafai kuwekwa na samaki wenye mapezi marefu. Hilo ndilo swali la tatu: tabia yake ni ipi, na anataka wenzake wangapi? Wako wa kukaa kundi, kama neoni, ambao wakiwa wawili hukaa kwa hofu na kupoteza rangi. Wako wa kukaa peke yao, kama wale wapiganaji wa Asia wanaoitwa beta, ambao madume wawili hawawekwi tangi moja hata kwa saa moja. Na wako wanaomiliki jiwe au pango, nao huwa wapole mpaka siku watakapotaga mayai.

Kisha wakaja samaki dhahabu. Hawa niliwaua mimi mwenyewe, kwa joto. Bugene ni mlimani, na usiku wa kiangazi, mwezi wa Juni na Julai, kipimajoto cha tangi langu kilishuka mpaka nyuzi 19. Kwa ajili ya oska na neoni nikanunua hita ya umeme, nikaiweka nyuzi 26. Samaki dhahabu ni wa maji ya baridi. Wachina waliwafuga kwenye madimbwi ya nje kwa zaidi ya miaka elfu moja, na nyuzi 18 au 20 ni raha yao. Katika nyuzi 26, pamoja na uchafu mwingi ambao samaki hawa hutoa, walikuwa juu ya maji wakitafuta pumzi mchana kutwa. Nami nilidhani wanaomba chakula, nikawaongezea.

Swali la nne, basi, ni la maji. Maji si maji tu, wasikilizaji. Kuna ya baridi na ya vuguvugu, na kuna maji magumu yenye chumvichumvi za mawe na maji laini kama ya mvua. Ziwa Tanganyika lina maji magumu sana. Samaki wake wazuri, ambao wamekuwa wakipelekwa ng'ambo kutoka Kigoma na Burundi kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani, wamezoea maji hayo. Neoni wa Amazon asili yake ni maji laini. Ukiwaweka tangi moja, lazima umkoseshe mmoja haki yake. Na hata chakula kina maji yake. Pale Tanganyika yupo samaki anayeitwa trofeusi, anayechunga ukoka wa majini juu ya mawe kama mbuzi. Utumbo wake ni mrefu, wa majani. Mfugaji anayemlisha nyama sawa na jirani zake humvimbisha tumbo, na mara nyingi humuua. Samaki wanaokula sahani moja ndio wa kukaa nyumba moja.

Ipo na sababu nyingine, ambayo iliwatesa wote kwa pamoja: niliwaingiza wote siku moja katika tangi jipya. Mavi ya samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao huota taratibu kwenye chujio na mchanga, kwa muda wa majuma manne hadi sita. Tangi jipya lenye maji ya kung'aa ni nyumba ambayo bado haina choo. Anza na samaki wachache wagumu, subiri, kisha ongeza. Na maji ya bomba yakiwa na dawa ya klorini, yaache ndooni siku nzima au zaidi kabla ya kuyatumia.

Nirudi kwenye hadithi. Oska alibaki peke yake. Wale taiga wawili wachokozi nao alikuwa amekwisha kuwameza, kwa hiyo haki ilitendeka, ila hakimu alikuwa na njaa. Mtoto alimpenda sana. Alikuwa akija kwenye kioo akisikia sauti yake, na akila mkononi mwake. Lakini tangi lilikuwa dogo, umeme ukikatika usiku alikuwa anahema, na alama za kugonga kioo zilikuwa puani mwake. Nikaona kwamba hana maisha pale.

Hapa ndipo pa maungamo. Jioni moja, mtoto akiwa bado shuleni, nilimtia oska kwenye ndoo, nikafunika, nikashika njia ya kuteremka bondeni, kwenye kijito. Nilijiambia kwamba ninamfanyia huruma, kwamba nitamwachia aende zake kwenye maji mapana. Nilijiona mtu mwema kabisa.

Njiani nikakutana na mzee mmoja jirani yetu, ambaye ujana wake aliumalizia ziwani, akivua upande wa Kemondo. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama ndoo.

"Unapeleka nini mtoni, mwanangu?"

Nikamfunulia. Akachungulia kwa muda mrefu.

"Anakula nini huyu?"

"Anakula wenzake, mzee."

Akafunika ndoo mwenyewe, kwa mkono wake, akasema, "Rudi naye nyumbani. Hata yule wa ziwani alianza kwa ndoo."

Hakusema zaidi, akaendelea na njia yake. Lakini kwa mtu yeyote wa mkoa wa Kagera maneno yale yanatosha, na kwa vijana ambao hawakuwahi kuliona ziwa la zamani ni lazima niyafafanue.

Ziwa Victoria lilikuwa tangi la samaki lisilo na mfano duniani. Wanasayansi wanaeleza kwamba ziwa lile lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Katika muda huo, ambao kwa hesabu ya dunia ni kufumba na kufumbua, mlitokea humo aina zaidi ya 500 za furu. Wapo furu waliovunja konokono, furu wa kula matope, furu wa kukwangua mawe, furu wa kula wadudu, na hata furu wa kuwanyang'anya mama zao mayai na watoto midomoni, maana furu jike hulea mayai yake mdomoni. Utafiti wa nyavu za kukokota wa mwaka 1969 hadi 1971 ulionyesha kuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa walikuwa furu. Walikaaje pamoja wote hao? Kwa kugawana. Kila mmoja na chakula chake, kina chake na jiwe lake. Ndiyo ile ile kanuni ya kibanja.

Kisha akaja mtu akatazama ziwa kama nilivyotazama mimi duka la Mwanza. Akasema, furu ni wadogo, wana miiba, hawana faida, tuweke samaki mkubwa mzuri. Sangara, ambaye kwao ni ziwa Albert na ziwa Turkana na mto Nile, akaingizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akapandikizwa rasmi. Haikuwa kwamba hapakuwa na aliyeuliza swali. Mwaka 1960 mtafiti Geoffrey Fryer, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki kule Jinja, aliandika kuonya juu ya mpango ule. Maswali yalikuwa yale yale ya tangi. Mdomo wake ni mpana kiasi gani? Akikua atafika wapi? Sangara hufika karibu mita mbili na uzito wa kilo 200. Jike lake hutaga mayai kwa mamilioni, wakati furu jike hubeba machache mdomoni.

Kwa miaka kama ishirini ikaonekana hakuna neno. Ndivyo ilivyo hata tangini, miezi ya kwanza ni amani, kwa sababu mla watu bado mtoto. Katika miaka ya 1980 sangara walifumuka, na furu wakatoweka nyavuni mwaka hadi mwaka. Watafiti wa Kiholanzi na wa Kitanzania waliokuwa wakiwahesabu katika ghuba ya Mwanza walishuhudia hesabu yao ikiporomoka, kama mtoto wangu na neoni zake. Inakisiwa kwamba aina 200 au zaidi zimepotea. Baadhi ya aina ziliokolewa kwa kufugwa katika matangi ya vioo huko Uholanzi na Marekani. Fikirini jambo hilo, wasikilizaji: samaki wa ziwa letu, amesalia ndani ya sebule ya mtu wa nchi ya mbali.

Nitakuwa mwongo nikisema sangara alileta hasara tupu. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Musoma na Bukoba, watu wakapata kazi, na taifa likapata fedha za kigeni. Wako watoto wengi wa Kagera waliosomeshwa na sangara. Wala si yeye peke yake aliyewamaliza furu. Uvuvi ulizidi, na maji yakachafuka kwa udongo na mbolea za mashambani. Maji ya tope yana hila yake: furu jike humchagua mume kwa rangi, na maji yakiwa na giza hazioni rangi, aina zikachanganyika. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wamerudi, na dagaa nao wapo tele. Lakini ziwa lile la mwanzo halikurudi, na hakuna ndoo ya kumtoa sangara.

Sasa nitazameni mimi pale njiani na ndoo yangu. Maji ya mabonde yetu huteremkia mto Kagera, na Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayomwaga maji katika Ziwa Victoria. Katikati hapa kuna mabwawa, kuna vinamasi, na kuna maziwa madogo. Maziwa madogo ya namna hiyo katika bonde la Victoria yamekuwa kimbilio la samaki wa asili waliopungua katika ziwa kubwa, kama vile ngege. Labda oska wangu mmoja angekufa kwa baridi usiku ule ule. Labda asingekufa. Na labda ugonjwa aliokuwa nao tangini ungebaki majini. Kuingiza samaki mgeni katika maji ya nchi ni jambo la kuombewa kibali na kuchunguzwa na wataalamu wa uvuvi. Si jambo la mtu mmoja kujiamulia jioni kwa sababu ameona aibu ya kununua vibaya.

Nilirudi naye. Mtoto alikuwa amefika, amesimama mbele ya tangi tupu. Akatazama ndoo, akanitazama mimi.

"Baba mkubwa, ulikuwa unampeleka wapi?"

Nilimweleza ukweli wote, pamoja na maneno ya mzee. Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo lilipasa kuulizwa Mwanza na mimi mtu mzima: "Kwani tulipomchukua hatukujua atakuwa mkubwa?" Nikamjibu kwamba hatukujua kwa sababu hatukuuliza. Majuma mawili baadaye tulipata mtu Bukoba mwenye tangi kubwa la samaki mmoja mmoja, akampokea. Mtoto alilia stendi, nami sikumkataza.

Tangi letu halikukaa tupu. Safari hii tulianza kwa daftari. Mtoto aliandika maswali juu ya karatasi: mdomo, ukubwa, tabia, joto, maji, chakula. Tukachagua samaki wa baridi ya Bugene, wasiohitaji hita kila usiku, wala wasiokufa umeme ukikatika. Kwa maji ya juu, danio saba, samaki wadogo wenye milia kutoka Asia, wakimbiaji, ambao hustahimili hata nyuzi 18. Kwa maji ya kati, plati watatu, dume mmoja na majike wawili, ili jike mmoja asisumbuliwe peke yake. Kwa chini, koridorasi sita, kambale wadogo wa Amerika ya Kusini wasiozidi vidole viwili, wanaookota makombo mchangani na hawana ugomvi na mtu. Jumla samaki kumi na sita. Ukiwapanga kwa urefu watakaoufikia hawazidi sentimita 90, nasi tuna lita 140. Kwa samaki wadogo wembamba, lita moja na nusu kwa kila sentimita ni kipimo kizuri cha kuanzia. Hawakuingia siku moja. Walikuja makundi matatu, kwa miezi mitatu. Siku moja moja plati wakizaa, watoto wachache hupona, nasi humgawia mwenye tangi. Hatumwagi hata mmoja, wala maji yao hatuyamwagi mtoni. Tunayamwaga kwenye migomba, nayo inayapenda mno.

Si samaki wa kumshangaza mgeni. Juzi mmoja aliingia, akatazama, akasema, "Mbona hamna hata mmoja mkubwa mwenye rangi?" Mtoto akamjibu kabla yangu, kwa heshima zote: "Yupo Bukoba, shikamoo."

Wasikilizaji wapenzi, wewe unayetaka tangi, nenda kanunue, ni kitu cha kutuliza moyo, na mtoto atajifunza mengi humo. Lakini kabla ya kutoa fedha, muulize muuzaji yale maswali. Akishindwa kukujibu, rudi nyumbani ukatafute jibu. Samaki hana miguu ya kuhama nyumba uliyomchagulia, wala hana kinywa cha kukwambia kwamba jirani uliyempa ndiye atakayemla. Utakaposhindwa naye, tafuta wa kumpokea, au mrudishe dukani. Mtoni, hapana.